Kisanduku cha Sababu

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja, mara nyingi yenye mpaka mwekundu, na huwekwa mbele kabisa ya faili ili asiwepo wa kusema hakuiona. Inaagiza kwamba moyo wa mgonjwa huyu ukisimama, usishtuliwe: asikandamizwe kifua, asipigwe umeme, aachwe aende. Hapa Uingereza wauguzi wamezoea kuiita DNR, ingawa jina lake rasmi siku hizi ni DNACPR. Ina nafasi ya jina la mgonjwa, nafasi ya sahihi ya daktari, kisanduku cha kueleza nani alishirikishwa, na kisanduku cha sababu. Mimi huanza kusoma hicho cha sababu.

Nimeshika mafaili ambamo sababu ilikuwa saratani iliyokwisha kuenea mwilini, au moyo uliochoka, au mapafu yasiyobakiwa na kitu. Hizo ni sababu za kitabibu na sina ugomvi nazo. Nimeshika pia mafaili ambamo sababu iliandikwa kwa maneno mawili matatu tu: ana ulemavu wa akili. Au: anatumia kiti cha magurudumu. Hapo daktari hakuandika ugonjwa unaomuua mgonjwa. Ameandika jinsi mtu huyo alivyo, na alivyokuwa siku zote, hata alipokuwa mzima wa afya.

Mimi ni mtetezi huru chini ya Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, inayotumika Uingereza na Wales. Nimezaliwa na kukulia Tanga, nikaja huku kusomea ustawi wa jamii, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi katika miji ya kaskazini. Sheria hiyo inasema hivi: mgonjwa akionekana hawezi kuamua mwenyewe kuhusu matibabu mazito, na hana ndugu wala rafiki wa kuulizwa, hospitali inawajibika kumwita mtu kama mimi. Nina haki ya kukaa naye faraghani, kusoma faili lake, kutaka maoni ya daktari wa pili, na kuandika ripoti ambayo mwamuzi hana budi kuizingatia. Kuamua si kazi yangu. Daktari akishanisikiliza anaweza kwenda kinyume na ripoti yangu; nami nisiporidhika naweza kulisukuma jambo mpaka Mahakama ya Ulinzi, inayoshughulikia watu wasio na uwezo wa kujiamulia.

Watu wakisikia kwamba kazi yangu inahusu maamuzi ya mwisho wa uhai, huniuliza habari za wanaoomba kusaidiwa kufa. Wanamtaja Diane Pretty, aliyeshindwa kesi yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg mwaka 2002, au Tony Nicklinson, ambaye kesi yake iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014 baada ya yeye mwenyewe kufariki. Wananiuliza kuhusu muswada wa Kim Leadbeater uliopitishwa na wabunge tarehe 20 Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291. Mijadala hiyo ni mizito na nitaigusa. Lakini hukumu ninazozitegemea kazini ni nyingine, za watu ambao hawakuomba kufa wala hawakuulizwa kama wanataka kuishi.

Carl Winspear alikuwa na miaka 28. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, alikuwa na kifafa na uti wa mgongo uliopinda, na hakuwa na uwezo wa kujiamulia mambo ya matibabu. Tarehe 2 Januari 2011 alilazwa hospitalini Sunderland akiwa na maambukizi ya kifua. Saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 3, daktari wa zamu akaandika kwamba moyo wake ukisimama asifufuliwe, na kwamba familia ielezwe asubuhi. Mama yake hakupigiwa simu. Alipojua alipinga, na agizo likafutwa siku hiyohiyo. Carl alifariki usiku uliofuata kwa nimonia. Agizo lile halikuwa chanzo cha kifo chake, na hakuna aliyedai hivyo mahakamani. Mama alikwenda Mahakama Kuu kwa jambo jingine: mwanawe alikuwa na mtu anayemjua kuliko wote, na mtu huyo hakuulizwa.

Jaji Blake alitoa hukumu Novemba 2015. Sheria inasema anayemtunza mgonjwa lazima aulizwe kila inapowezekana. Hospitali ilijitetea kwa ile saa ya usiku. Jaji akasema kupiga simu saa tisa usiku huenda kusipendeze kama kikao cha mchana, lakini kusikopendeza ni kitu kimoja na kusikowezekana ni kingine. Haki ya Carl ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na ya familia, iliyomo katika ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ilikuwa imevunjwa.

Hukumu hii ilijengwa juu ya nyingine ya mwaka mmoja kabla. Janet Tracey, aliyekuwa meneja wa nyumba ya matunzo, alikuwa na saratani ya mapafu na alivunjika shingo katika ajali ya gari mwaka 2011. Fomu ya kwanza iliwekwa katika faili lake bila yeye kujua, ilhali akili zake zilikuwa timamu. Juni 2014 Mahakama ya Rufani ilisema mgonjwa ana haki ya kushirikishwa, na kwamba hofu ya daktari kuwa mazungumzo yatamhuzunisha haitoshi kumnyima haki hiyo. Lazima pawe na hatari ya madhara ya kweli, ya mwili au ya akili. Nimelirudia jambo hili mbele ya madaktari wengi, maana kisingizio cha “tulichelea kumsumbua” hakijafa.

Nisiwapakie madaktari dhambi isiyo yao. Kufufua moyo si kama kunavyoonekana kwenye filamu. Mbavu huvunjika, wengi hawaamki, na baadhi ya wanaoamka huamka na ubongo ulioumia. Kwa mzee ambaye mwili wake umefika mwisho, fomu ile ni rehema, na daktari anayeijaza baada ya mazungumzo ya kweli anatenda haki. Ninachokipinga ni kwamba mtu mwenye ulemavu hufikishwa kwenye fomu ile kwa njia fupi kuliko wenzake. Ripoti ya taifa ya uchunguzi wa vifo vya watu wenye ulemavu wa akili, iliyotolewa mwaka 2019, ilikuta marehemu 19 ambao sababu iliyoandikwa kwenye fomu zao ilikuwa ulemavu wa akili au ugonjwa wa Down. Yaani kuna madaktari walioweka sahihi chini ya maneno hayo, na maneno hayo yakapita mikononi mwa wauguzi na zamu nzima bila mtu kusema neno.

Nieleze kisa kimoja, nikificha yanayoweza kumtambulisha mhusika. Alikuwa bwana wa miaka hamsini na kitu mwenye ugonjwa wa Down, aliyelazwa na nimonia. Utoto na ujana wake viliishia katika mojawapo ya zile hospitali kubwa za zamani walikofungiwa watu wenye ulemavu wa akili, hadi zilipofungwa na wakaazi wake kuhamishiwa nyumba ndogondogo mitaani. Hakuna ndugu aliyejulikana. Sababu kwenye fomu: Down, hawezi kujitunza, maisha yake ni duni.

Nilimkuta amelala, barakoa ya oksijeni usoni, vidole vyake vikitafuta pindo la shuka. Nilimsalimu nikakaa. Baada ya muda akashika mkono wa koti langu, na kila nilipojaribu kuandika akauvuta tena. Kwa mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, huyo ni mgonjwa dhaifu asiyesema. Daktari aliyejaza fomu hakuwa amemwona kwa namna nyingine yoyote.

Nikaenda kwenye nyumba anakoishi. Mama mmoja anayefanya zamu za usiku pale, aliyemhudumia kwa miaka, alinitolea simu yake. Kwenye video yumo bwana yuleyule, wiki chache tu nyuma, anapanga vikombe vya chai mezani. Anajua kikombe cha kila mtu, na mtu akishika kisicho chake anamnyang’anya na kumpa chake, anacheka mpaka anashika tumbo. Mara moja kwa wiki walimpeleka kituo cha reli kutazama treni, na madereva wengine walishamzoea wakawa wanampungia mkono. Alitembea mwenyewe. Alikula chakula kilichopondwa na kulishwa kwa kijiko, naam, na alikuwa na meza anayoipenda na mtu anayependa amlishe.

Yote hayo niliyaandika. Kisha nikaomba kukutana na daktari bingwa, nikamwuliza swali ambalo sasa naliuliza kila mahali: “Daktari, angekuwa mtu wa umri huuhuu, mwenye nimonia hiihii, lakini hana Down, sababu ungeandika nini?” Alinyamaza. Hakuwa mtu mbaya, na hakujaribu kujitetea. Alisema asingekuwa na cha kuandika. Fomu ikafutwa, akapewa tiba yote kama mgonjwa mwingine, ikiwemo ruhusa ya kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi endapo angezidiwa. Alipona akarudi kwenye vikombe vyake. Angeweza kufa, nimonia huua, na hoja yangu isingepungua hata chembe kama angekufa.

Neno lile “duni” ndilo linalotutesa. Jane Campbell, mwanaharakati aliyezaliwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli na ambaye sasa yumo katika Bunge la Malodi, amesimulia hadharani yaliyompata mwaka 2003 alipolazwa na nimonia. Daktari alimwambia kwamba akishindwa kupumua, bila shaka hatapenda kuwekwa kwenye mashine. Alipojibu kwamba atapenda, akaja daktari mwingine na kauli ileile. Mumewe alikimbia nyumbani akarudi na picha yake amevaa joho la shahada ya heshima ya udaktari, ili wodi ijue ina nani kitandani. Jane alijilazimisha kukaa macho saa 48, akiogopa kwamba akilala hataamka. Miaka mitatu baadaye alianzisha tawi la Uingereza la Not Dead Yet, vuguvugu la watu wenye ulemavu wanaopinga kusaidiwa kufa, lililozaliwa Marekani mwaka 1996.

Huyu ni mwanamke mwenye kauli, mume, na joho. Bwana wangu wa vikombe angeonyesha picha gani?

Mwaka 1999 watafiti Gary Albrecht na Patrick Devlieger walichapisha mahojiano yao na watu 153 wenye ulemavu mkubwa. Zaidi ya nusu walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Wasio na ulemavu hawaamini jibu hilo, na madaktari wasioliamini ndio hao wanaoshika kalamu. Nami sisemi kwamba kila maisha ni matamu. Nasema anayejua utamu au uchungu wa maisha ni yule anayeyaishi, na kama hawezi kusema, basi ni yule aliyekaa naye hadi akajua anachokimbilia na anachokikimbia.

Na hilo, kwa bahati njema, ndilo lililosemwa na Mahakama ya Juu. David James alikuwa mwanamuziki, mume na baba. Mwaka 2012 alilazwa hospitalini Liverpool kwa tatizo la utumbo, akapata maambukizi, kiharusi, na figo kushindwa kazi, akawa anaishi kwa mashine. Hospitali iliomba ruhusa ya kutompa tiba fulani endapo hali ingezidi kuharibika, pamoja na kufufua moyo. Familia ilikataa: walisema bado anafurahia kuwaona, anatabasamu, anawabusu. Jaji Peter Jackson wa Mahakama ya Ulinzi alikubaliana na familia. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo siku chache kabla ya mwisho wa mwaka, na tarehe 31 Desemba James akafariki. Mjane wake aliendelea na kesi.

Oktoba 2013 Jaji Brenda Hale aliandika kwa niaba ya wenzake wote. Alisema kwa hali ilivyokuwa imekwisha kuzorota, Mahakama ya Rufani ilifikia matokeo sahihi. Lakini njia iliyopita ilikuwa mbaya, na njia ndiyo tunayorithi sisi tuliobaki. Maslahi ya mgonjwa, alisema, hutazamwa kutoka upande wa mgonjwa mwenyewe, na wala hayapimwi kwa kile ambacho mtu wa kawaida angekitaka. Tiba haiwi kazi bure kwa sababu tu haitamrudishia afya yake ya zamani. Kama inamrudisha kwenye maisha ambayo yeye angeyaona yana thamani, ina faida. Watu wenye ulemavu walikuwa wakisema hivyo kwa miaka kabla ya mahakama kufika hapo.

Upande wa mgonjwa mwenyewe una makali pande zote mbili, na kuna wenzangu katika harakati ambao hawapendi nikilisema hili. Mwaka 2015 jaji huyohuyo Peter Jackson alisikiliza kesi ya mzee wa miaka 73 aliyetajwa kwa herufi B tu. Alikuwa na skizofrenia ya miaka mingi, akisikia sauti za malaika, na mguu wake ulikuwa umeoza. Asipokatwa atakufa baada ya siku chache, na alikataa kukatwa. Jaji alikwenda hospitalini akakaa naye, akamsikiliza. Kisha akakataa kuruhusu operesheni ya nguvu. Alisema kumwona mtu hana uwezo wa kuamua hakuzimi haki zake.

Mimi nimekuwa na B wangu. Mama wa makamo mwenye ulemavu tangu utotoni, asiyezungumza, aliyekuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alianza kuuficha mkono kila gari la wagonjwa lilipofika. Akaanza kuchomoa sindano. Wakampa dawa ya kumtuliza ili tiba iendelee, na akaacha kula siku za kusafishwa. Waliomtunza walisema kwa miaka kumi hawajawahi kumwona akikataa kitu kwa namna hiyo, siku baada ya siku. Niliandika kwamba anatuambia, na kwamba kuendelea kumlaza kwa dawa ili aishi ni kumnyang’anya kauli pekee aliyonayo. Tiba ikasitishwa, akapewa dawa za maumivu na watu wake kando yake. Baadhi ya wenzangu waliniuliza kama sikuwa nimefungua mlango ule ambao tunaushikilia usifunguliwe. Sioni hivyo. Bwana wa vikombe na mama huyu walitendewa jambo moja: mtu aliketi akatafuta wao wanataka nini.

Ninakotofautiana waziwazi na mahakama ni katika uamuzi wa Julai 2018, kesi ya mtu aliyeitwa Y. Kabla ya hapo ilikuwa desturi, tangu kesi ya Tony Bland ya mwaka 1993, kwamba kumwondolea chakula na maji ya mrija mtu ambaye ubongo wake umeumia vibaya kupelekwe kwanza mbele ya jaji. Mahakama ya Juu ilisema si lazima tena, madhali madaktari na familia wamekubaliana na mwongozo umefuatwa. Naelewa sababu zake: kesi huchukua miezi, familia huteseka, na matokeo mara nyingi ni yaleyale. Lakini ndani ya wodi nimeona makubaliano yanavyopatikana. Jamaa waliochoka hukubaliana na daktari aliyechoka. Jaji alikuwa mtu mmoja asiyechoka, aliyeleta wakili rasmi wa kumsemea mgonjwa na mgonjwa tu. Sasa pale ambapo hakuna mgogoro, hakuna wa kuuliza, na mtu asiyeweza kusema hawezi kuanzisha mgogoro.

Leslie Burke aliliona hilo mapema. Alikuwa tarishi wa posta, mwenye ugonjwa wa ubongo ambao ungemwondolea mwendo na usemi lakini ungemwachia akili zake. Alichohofia ni siku ile atakapokuwa anasikia kila kitu bila kuweza kujibu, na mtu akaamua mrija wake wa chakula uondolewe. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2004, akashindwa rufani mwaka uliofuata: mahakama ilisema mgonjwa hawezi kumlazimisha daktari kutoa tiba yoyote aitakayo. Hata hivyo majaji walitamka kwamba daktari atakayemwondolea chakula na maji mgonjwa mwenye akili timamu anayetaka kuishi hatakuwa na utetezi dhidi ya shtaka la mauaji. Wengi walimwona Burke kama mtu wa hofu zisizo na msingi. Mimi hofu yake naiona kila mwezi. Haizungumzii waovu, inazungumzia mazoea.

Corona ilituonyesha mazoea hayo yalivyo karibu. Machi 2020 taasisi ya taifa inayotoa miongozo ya tiba ilichapisha mwongozo uliotumia kipimo cha udhaifu: anayehitaji msaada wa kuvaa na kula anapata alama za juu, na alama za juu zinamweka mbali na chumba cha mahututi. Kwa kipimo hicho kijana mzima kabisa mwenye usonji au mtindio wa ubongo alihesabiwa pamoja na mkongwe anayekaribia mwisho. Familia na mashirika ya watu wenye ulemavu walitishia kwenda mahakamani, na baada ya siku tano tu mwongozo ukarekebishwa: kipimo kisitumike kwa walio chini ya miaka 65 wala kwa wenye ulemavu wa muda mrefu usiobadilika. Mwaka uliofuata tume inayokagua huduma za afya ilitoa ripoti yake. Katika nyumba za matunzo zilizojibu, zilikuwepo fomu 508 zilizowekwa tangu katikati ya Machi 2020 bila makubaliano na mhusika, jamaa wala mtunzaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Uingereza, Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unakataza katika ibara ya 25 kumnyima mtu matibabu, chakula au maji kwa sababu ya ulemavu wake. Mkataba upo. Fomu zilijazwa.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu muswada wa kusaidiwa kufa, jibu langu ni fupi. Wako watu wenye ulemavu wanaouunga mkono, na siwezi kumwambia aliye katika maumivu kwamba hajui anachokitaka. Ningekuwa nafanya kosa lilelile ninalolipinga. Lakini sheria kama hiyo ikipita, itaendeshwa katika wodi zilezile, na watu walewale, wenye neno “duni” tayari kwenye kalamu. Ningetaka kwanza kisanduku cha sababu kisafishwe.

Katika mji ninakoishi wapo Wakongo wengi walioletwa kupitia mpango wa wakimbizi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Nje ya saa za kazi hukaa na akina mama wa chama chao kuwasaidia na barua. Mmoja wao ana mwana wa miaka ishirini na ushee mwenye mtindio wa ubongo. Alinionyesha karatasi aliyopewa kijana alipotoka hospitalini, akitaka kujua ni ya kliniki gani. Ilikuwa fomu ile. Kwenye kisanduku cha waliohusishwa paliandikwa kwamba mama ameelezwa na amekubali.

Nilimwuliza nani alitafsiri. Binti yake wa miaka kumi na minne.

“Dada, mi nilisemaka ndiyo,” akaniambia, “juu dokta alisema hawataki mtoto ateseke. Ni mama gani atasema hapana?”

Yeye alidhani, kama tudhanivyo wengi tuliotoka kwetu, kwamba mzazi ndiye mwenye uamuzi, hivyo akikubali kosa ni lake. Nikamweleza kwamba hapa mwana akishatimiza miaka kumi na minane uamuzi unakuwa wa daktari, kwa maslahi ya kijana mwenyewe, ila mama ni lazima aulizwe na ajibiwe. Ana haki ya mkalimani asiye mtoto wake, bila malipo. Ana haki ya kuuliza sababu iliyoandikwa, na kama ingeandikwa kwa kijana mwingine wa umri huo. Ana haki ya kutaka fomu ipitiwe upya siku yoyote.

Kikao kilifanyika, na aliniomba nikae kando yake kama jirani. Mkalimani alikuwa mzee wa Uvira, mtulivu, aliyemwachia mama nafasi ya kulia. Daktari alieleza vizuri safari hii, hatua kwa hatua: nini hufanyika moyo ukisimama, mbavu zake zilivyo, mapafu yake yanaweza nini. Mimi nilitarajia mama atataka kila kitu. Hakutaka. Alisema moyo ukisimama wenyewe, mwanawe asipigwe umeme, kwa kuwa anaogopa kushikwa na watu asiowajua na hataki hilo liwe jambo lake la mwisho. Lakini akipata nimonia apewe dawa siku ileile, apelekwe mahututi kama inahitajika, na mrija wa chakula usiondolewe, kwa sababu anapolishwa anaimbiwa na yeye huitikia. Daktari aliandika yote, akafuta “mtindio wa ubongo” kwenye kisanduku cha sababu akaweka hali ya mapafu yake na aliyoyaeleza mama. Chini akaandika jina la mkalimani, na tarehe ya kuipitia tena baada ya miezi sita.